Nasibu Ina Kipimo: Kisa cha Namba ya Lyapunov

Neno nasibu tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya fungu, sehemu aliyokatiwa mtu ikawa ni yake. Lilipovuka bahari likageuka kidogo. Leo tukisema tumekutana kwa nasibu, tunamaanisha kwamba hapakuwa na miadi. Na bahati nasibu ni ile tikiti inayonunuliwa na wengi ikamfaa mmoja. Sisi watunzi tumelitia katika vina mara nyingi, kwani linapatana na sababu, na tabibu, na hata hesabu. Lakini kulipima hatukulipima. Makala haya ni habari za watu waliolipima. Ni habari za jinsi ilivyothibitishwa kwamba mambo yanayofuatana bila ya mpango, yakiwa mengi, huwa na mwendo wao mmoja unaoandikika kwa namba, na jinsi namba hiyo hiyo ilivyokuwa kipimo cha kile ambacho wanahisabati wanakiita machafuko.

Mimi si mwanahisabati. Masomo yangu ya darasani yalikoma mapema, na ninachokijua nimekiokota katika vitabu vya kuazima, nikirudia ukurasa mmoja mara tano au sita. Ninathubutu kuandika kwa sababu moja tu: jambo lililo ndani kabisa ya hisabati hii ni jambo analolijua kila mshairi na kila mfasiri, nalo ni mpangilio. Miaka mingi iliyopita nilifasiri hadithi ndefu iliyokuwa itolewe kijitabu. Karatasi zangu sikuzitia namba, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Huko zilikokwenda kupigwa chapa, karatasi mbili zikabadilishana nafasi. Halikupotea neno hata moja, wala herufi. Lakini katika kijitabu kile mke alivaa nguo za eda kwanza, kisha ndipo mumewe akaugua, na msomaji mmoja akanisimamisha njiani kuniuliza iwapo mke yule ndiye aliyemtilia sumu. Maneno yale yale, kwa hesabu ile ile, yakazaa kisa cha mauaji.

Kisa chetu kinaanzia Urusi. Aleksandr Mikhailovich Lyapunov alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Yaroslavl, mtoto wa mwanafalaki. Walikuwa ndugu watatu wa kiume waliokua wakubwa, na kila mmoja alishika njia yake: Sergei akawa mtunzi wa muziki, Boris akawa mtaalamu wa lugha za Kislavoni, na Aleksandr akaenda kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, ambako mwalimu mkubwa alikuwa Chebyshev. Mwaka 1882 Chebyshev alimpa swali. Chukua tonge la kimiminika linalozunguka angani, likishikana kwa uzito wake lenyewe. Likizunguka taratibu hupata umbo la duara lililobonyea. Je, mzunguko ukizidi kasi kidogo, kuna maumbo mengine mapya yatakayozaliwa kutokana na umbo lile? Lyapunov alilishika swali hilo, likamshinda kwa namna lilivyoulizwa, akashika swali la jirani yake: umbo lililopo, likisukumwa kidogo, litarudi au litaharibika? Swali hilo la pili hakuliacha. Mwaka 1885 alihamia Kharkov, mji ambao leo ni Kharkiv wa Ukraine, akafundisha huko kwa miaka mingi. Na mwaka 1892 Jumuiya ya Hisabati ya mji huo ikampigia chapa kitabu chake kuhusu tatizo la jumla la uthabiti wa mwendo.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya neno. Nilipokuwa nikizisoma habari hizi mara ya kwanza, katika daftari langu niliandika utulivu. Baadaye nililifuta. Utulivu ni wa bahari isiyokuwa na wimbi. Alichokitafuta Lyapunov si hicho, bali ni sifa ya chombo kinachopepesuka kila wimbi linapokipiga na bado kikarudi kusimama. Chombo kama hicho hakina utulivu hata kidogo, lakini kina uthabiti. Na kuna chombo kingine kilichotulia kimya bandarini, ambacho akipanda mtoto upande mmoja kinapinduka. Lyapunov aliliweka jambo hili kwa ukali wa hisabati: mwendo ni thabiti ikiwa tofauti ndogo ya mwanzo inabaki ndogo daima. Kisha akatafuta njia ya kujua, kabla ya safari, tofauti hiyo itakua au itakufa, na kwa kasi gani.

Kasi hiyo ndiyo namba tunayoisimulia. Tofauti ndogo kati ya mwendo na mwendo inaweza kukua kama deni la riba juu ya riba, ikizidishwa kwa kiasi kile kile kila kipindi kinapopita. Au inaweza kufifia kwa namna hiyo hiyo. Lyapunov aliipa kila tofauti namba yake ya kuitambulisha. Ya ajabu ni kwamba alama yake ilikuwa kinyume na ya leo. Katika kitabu chake, namba iliyo chanya ni ya tofauti inayofifia, yaani namba chanya ni habari njema. Waliokuja nyuma yake waliigeuza. Leo kinachoitwa kipeo cha Lyapunov kikiwa chanya, tofauti inakua na uthabiti haupo. Kikiwa hasi, inakufa. Anayesoma kitabu cha zamani kwa macho ya vitabu vipya bila ya kuonywa atafahamu kila kitu juu chini, na kila alichokifahamu kitapatana vizuri na kila alichokifahamu, ila kitakuwa si kweli. Makosa ya namna hii mfasiri huyaogopa kuliko kutokulijua neno, kwani neno usilolijua hukusimamisha, na hili halikusimamishi.

Na kitabu hiki kimepita katika mikono ya wafasiri kweli kweli. Mwaka 1907 kilitoka kwa Kifaransa katika jarida la kitivo cha sayansi cha Toulouse. Aliyekifasiri ni Édouard Davaux, na mbele ya maandishi jina lake linafuatwa na kazi yake: mhandisi wa wanamaji, Toulon. Napenda sana kumfikiria mtu huyu. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa bandari, ambaye neno uthabiti kwake lilikuwa na mbao na chuma ndani yake, na aliketi akafasiri mamia ya kurasa za Kirusi za hisabati nzito. Jina la Lyapunov likaandikwa Liapounoff, kama Wafaransa walivyolisikia. Mwaka 1947 Princeton, Marekani, walikichapa tena kitabu hiki, na bado kwa Kifaransa cha Davaux. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja mwaka 1992, miaka 100 kamili baada ya kitabu kutoka, ikafanywa na A. T. Fuller, naye aliitoa katika kile kile Kifaransa. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne, nje ya Urusi watu walimsoma Lyapunov kwa kinywa cha mhandisi wa Toulon, na wachache walimtaja.

Lyapunov mwenyewe hakuuona umaarufu huo. Mwaka 1902 alirudi St. Petersburg, baada ya kuchaguliwa katika Chuo cha Sayansi, akalirudia swali la Chebyshev na kulishughulikia kwa miaka. Mwaka 1917 alikwenda Odessa na mkewe, Natalia Rafailovna, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, kwa kutumaini kwamba hewa ya kusini itamfaa. Nchi ilikuwa vitani na yenyewe, na macho yake Lyapunov yalikuwa yakififia. Mwaka 1918 alikuwa bado akifundisha katika chuo kikuu cha huko juu ya maumbo ya sayari na nyota. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo mkewe alifariki. Siku hiyo hiyo Lyapunov alijipiga risasi, akabaki na uhai kwa siku tatu, akafa tarehe 3 Novemba, na aliacha maneno machache akiomba azikwe pamoja na mkewe. Nimeona waandishi wakilitumia jambo hili kwa kejeli, kwamba mtu aliyepima uthabiti alikosa uthabiti. Sioni kejeli yoyote hapo. Naona mzee wa miaka 61 aliyefiwa.

Sasa tuje kwenye kuzidisha, na msomaji asiogope, kwani tutatumia mitungi.

Iko mitungi miwili, kila mmoja una kibaba kimoja cha maji, na kisima kiko karibu. Ziko amri mbili tu. Amri ya kushoto inasema: utazame mtungi wa kulia una vibaba vingapi, uchote kisimani kiasi hicho hicho, uutie mtungi wa kushoto. Amri ya kulia inasema kinyume chake: utazame wa kushoto, uutie wa kulia. Ukiifuata amri ya kushoto peke yake mara 10, mtungi wa kushoto utakuwa na vibaba 11 na wa kulia utabaki na kimoja. Ni ongezeko la kibaba kimoja kila mara, mwendo wa kobe. Amri ya kulia peke yake ni hivyo hivyo kwa upande wake. Hakuna katika amri hizi mbili iliyo na vurugu ndani yake.

Hebu sasa tuzichanganye, mara tano kila moja. Tukitoa amri ya kushoto mara tano kwanza, kisha ya kulia mara tano, tutapata vibaba 6 na 31. Tukizipishanisha, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mitungi itakwenda hivi: 2 na 1, kisha 2 na 3, 5 na 3, 5 na 8, 13 na 8, 13 na 21, 34 na 21, 34 na 55, 89 na 55, na mwisho 89 na 144. Amri ni zile zile, kumi kwa kumi, tano kwa tano. Mpangilio tu ndio uliobadilika, na jumla imetoka 37 ikafika 233. Niliporudia hesabu hii usiku mmoja kwa penseli niliikumbuka ile karatasi ya eda.

Kila amri ya namna hii ndiyo wanayoiita matriki: jedwali dogo la namba, hapa namba nne tu, linalosema kila mtungi mpya uchote kiasi gani katika kila mtungi wa zamani. Kuzidisha matriki ni kutoa amri moja juu ya nyengine. Na hapa ndipo matriki inapoachana na namba za dukani. Bei ikipandishwa maradufu kisha ikapunguzwa nusu, au ikapunguzwa nusu kwanza kisha ikapandishwa maradufu, inarudi pale pale. Ndiyo maana nasibu ya namba za kawaida ilikuwa imefahamika tangu zamani: zikizidishwa nyingi bila ya mpango, mpangilio haudhuru kitu, wastani wa logi zake unatosha kusema mwisho wa safari. Kwa matriki, wastani wa amri moja moja haukwambii chochote. Amri mbili zilizo salama kila moja kwa nafsi yake, zikichanganywa, zinaweza kuwa moto.

Basi swali likawa hili. Mtu akisimama mbele ya mitungi yetu na kurusha sarafu, kichwa kikitoka anaifuata amri ya kushoto, kisipotoka anaifuata ya kulia, na akaendelea hivyo bila ya kikomo: je, upo mwendo wowote wa kuutaja? Au kila mrushaji atakuwa na nasibu yake, huyu mitungi yake ikifurika na yule ikijikokota? Richard Bellman, Mmarekani, aliliandikia swali la namna hii mwaka 1954 na akalijibu kwa sehemu. Jibu kamili lilikuja mwaka 1960, katika makala ya watu wawili, Harry Furstenberg na Harry Kesten. Furstenberg, ambaye jina lake la Kiebrania ni Hillel, alizaliwa Berlin mwaka 1935. Kesten alizaliwa Duisburg mwaka 1931. Wote wawili ni watoto wa Kiyahudi ambao familia zao zilitoka Ujerumani kwa sababu ya Wanazi. Kesten alikulia Uholanzi. Furstenberg alifika Marekani na mama yake na dada yake, baba yao akiwa amefariki safarini.

Walichokithibitisha ni hiki. Ukichukua ukubwa wa kile kilichopatikana baada ya hatua nyingi, ukatafuta logi yake, ukaigawanya kwa idadi ya hatua, jibu linatulia kwenye namba moja. Na namba hiyo ni ile ile kwa warushaji wote, isipokuwa wale ambao kutokea kwao kuna uwezekano wa sifuri. Warushaji wawili hawatakuwa na mfuatano mmoja wa sarafu, na vibaba vyao havitalingana, lakini kasi yao itakuwa moja. Sijui kama msomaji anaona uzito wa jambo hili kama ninavyouona. Halisemi kwamba mpangilio haudhuru, tumeona unavyodhuru. Linasema kwamba mipangilio yote ambayo nasibu hutuletea, ingawa haifanani, kwa kasi inalingana.

Mwaka 1963 Furstenberg akaenda mbali zaidi. Alizitazama matriki zisizoongeza wala kupunguza eneo. Mfano wake ni donge la unga linalosukumwa mezani: unga hauzidi, lakini unabadilika umbo. (Amri zetu mbili za mitungi ni za aina hii, ingawa kwa jicho hazionekani hivyo.) Akathibitisha kwamba, isipokuwa katika hali chache maalumu, kwa mfano amri zote zikiwa za kuzungusha tu bila ya kuvuta, kipeo ni chanya. Yaani ukiusukuma unga kwa nasibu, leo huku kesho kule, bila ya nia ya kuurefusha, utarefuka, na utarefuka kwa kasi ya riba juu ya riba. Mtu angedhani kwamba misukumo isiyokuwa na mpango itafutana, huu ukirefusha na ule ukirudisha. Haifutani. Kwa kazi zake nyingi, hii ikiwa mojawapo, Furstenberg alipewa Tuzo ya Abel mwaka 2020 pamoja na Gregory Margulis.

Unga ukirefuka upande mmoja na eneo halibadiliki, lazima wembamba upande wa pili uzidi. Kwa hiyo hakuna kipeo kimoja tu bali viwili, kimoja cha kurefuka na kimoja cha kusinyaa, na kila kimoja kina upande wake. Mwaka 1968 Valery Oseledets wa Moscow alilipanua jambo hili. Alithibitisha kwamba vipeo viko kwa wingi wa pande za jambo lenyewe, vinavyolingana vikihesabiwa kimoja kimoja; na, kubwa zaidi, kwamba si lazima amri zitoke kwenye sarafu. Zinaweza kutoka kwenye mwendo wowote unaojirudia kwa namna ya kudumu, hata ule unaofuata sheria kali isiyokuwa na nasibu ndani yake.

Hapo ndipo nasibu ilipokutana na machafuko, na mto wa Furstenberg ukaingia katika mto wa Lyapunov. Mwendo ukienda hatua kwa hatua, kila hatua huichukua ile tofauti ndogo na kuivuta, kuipinda, kuisukuma. Na kuvuta huko ni matriki. Safari nzima ni zao la matriki zilizozidishwa kwa mfuatano wa njia. Kipeo kikubwa kabisa kikiwa chanya, wanasema mwendo una machafuko, hata kama hakuna anayerusha sarafu popote. Kwa kompyuta huhesabiwa kwa ujanja ulioelezwa vizuri mwaka 1980 na Benettin na wenzake watatu: kila baada ya hatua chache unapima tofauti imekua mara ngapi, unaiandika pembeni, kisha unairudisha kwenye udogo wake wa mwanzo na kuendelea, ili namba zisifurike.

Kipimo hiki kimepelekwa mbali. Mwaka 1989 Mfaransa Jacques Laskar alikadiria kwamba katika sayari za ndani, dunia yetu ikiwamo, tofauti hukua kwa kipindi cha kama miaka milioni 5. Katika hesabu yake, kosa la mita 15 katika kupajua mahali ilipo dunia leo huwa mita 150 baada ya miaka milioni 10, jambo la kupuuza. Lakini baada ya miaka milioni 100 huwa kilomita milioni 150, ambao ni umbali wote uliopo baina ya dunia na jua. Kwa mabaharia na kwa wanaouangalia mwezi hakuna kilichoharibika, na kalenda zetu ziko salama kwa vizazi visivyohesabika. Lakini wale waliofikiri kwamba anga ndicho kitu kimoja kinachoweza kutabiriwa milele wamekosa mahali pa kuegemea.

Upo pia upande wa maada, nao nitaupita kwa haraka kwa kuwa nimeufahamu kwa shida. Mwaka 1958 Philip Anderson alionesha kwamba elektroni ndani ya kitu kigumu kilichochanganyika na uchafu inaweza kunasa mahali pamoja isisafiri. Mwaka 1970 Matsuda na Ishii waliitumia kanuni ya Furstenberg kwa mnyororo wa chembe zinazotikisika, ambamo uzito wa kila chembe ni wa nasibu: kila chembe ni matriki, wimbi linalopita ni zao lake, na kipeo kilicho chanya humaanisha kwamba wimbi linafifia kabla halijafika mbali. Kwa hiyo namba ile ile inayopima kukimbia kwa machafuko, hapa inapima kunasa. Anderson alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1977.

Lakini kujua kwamba namba ipo si kuijua namba yenyewe. Hili ndilo lililonivuta zaidi katika habari yote. Kanuni ya mwaka 1960 inakuhakikishia kwamba kipeo kipo, na haikupi njia ya kukiandika. Mwaka 1997 John Tsitsiklis na Vincent Blondel walithibitisha kwamba hakuna, wala haitapatikana, njia moja ya kompyuta itakayokikadiria kipeo kwa kila seti ya matriki itakayopewa. Kila kipeo hutafutwa kwa juhudi yake, kama bikari anayetafuta lulu.

Lulu mojawapo ilipatikana mwaka 2000. Wengi wanaujua mfuatano wa Fibonacci, ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8. Namba zake ndizo zilizojitokeza katika mitungi yetu ilipopishanishwa. Hukua kila hatua kwa takriban mara 1.618. Ukitoa badala ya kujumlisha, unapata 1, 1, 0, −1, −1, 0, 1, 1, na kuendelea hivyo daima, ng'ombe wa kinu. Sasa rusha sarafu kila hatua: kichwa, jumlisha, vyenginevyo, toa. Ukitafuta wastani wa kawaida wa namba zitakazopatikana kwa warushaji wote, utakuta ni 1 katika kila hatua, kwa kuwa chanya na hasi zinalipana. Wastani unasema hakuna kinachotokea. Divakar Viswanath alithibitisha kwamba kinatokea: tukiacha alama ya hasi na kutazama ukubwa tu, kwa karibu warushaji wote namba inakua, na kasi yake kwa hatua ni mara 1.13198824, pamoja na tarakimu zinazoendelea. Ni kasi ndogo, lakini ikishikwa kwa hatua 1,000 huzaa namba yenye tarakimu 54. Ili kuipata alitumia mti wa sehemu uliogunduliwa mara mbili katika karne ya 19, mwaka 1858 na mwanahisabati Mjerumani, Moritz Stern, na mwaka 1861 na fundi saa wa Paris, Achille Brocot, aliyekuwa akitafuta idadi za meno ya magurudumu yake. Mhandisi wa meli na fundi saa: hisabati hii ina bahati ya kuguswa na watu wa kazi za mikono.

Nilijaribu mwenyewe barazani na kijana wa ndugu yangu, yeye akirusha sarafu na mimi nikiandika. Mwanzo wetu ulikuwa 1, 1, kisha 2, 1, −1, 0, −1, −1, −2, −3. Kijana alipoiona ile sifuri alidhani mchezo umekwisha, akataka kuondoka. Nikamwambia arushe tena. Tuliirudia mara tatu, kila mara marusho 60, hadi ikaadhiniwa magharibi. Mara ya kwanza na ya tatu tulifika mamia. Mara ya pili namba ilizubaa muda mrefu baina ya tatu na tano, ikarudi sifuri, ikapanda, na ilikuwa bado inapanda tulipoacha.